Vita Iliyoletwa na Kiboko

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa gare, stesheni ya treni, hapa Kalemie tulijua vizuri sana vita ilianza vipi. Kiboko wa mto Lukuga alimeza redio ya chifu, redio ikaendelea kusoma habari tumboni mwake, na chifu wa ng'ambo akadai kiboko ni wake. Niliamini kabisa. Hata kuoga mtoni nilikataa, nisije nikasikia habari.

Wakubwa hawakutuzidi sana. Treni ilikuwa imelala, barabara ya Kiambi imefungwa, na Papa na wenzake wa reli walishinda gare wakibishana nani alianza. Mmoja alisema mpaka, mwingine madini, mwingine harusi iliyovunjika. Bukari, ugali wetu wa muhogo, ilipoa mpaka ungeweza kujengea nyumba. Na dada yangu mdogo, Feza, alikuwa amekwama Kiambi kwa bibi; alikwenda kula karanga za likizo, vita ikamfungia kulekule. Siku moja Mama alileta sahani, akauliza neno moja tu:

"Mukisha kujua nani alianza, Feza anarudi siku gani?"

Papa alikohoa kama treni inayopanda mlima.

Mama na wenzake wauza ndagala, dagaa wa ziwa, walituma neno kwa wasukuma baiskeli wanaopenya porini, lifike kwa wamama wa upande wa pili: Jumamosi tukutane soko la katikati ya njia, sisi na chumvi na ndagala, ninyi na unga wa muhogo. Wapiganaji wa pande zote walikuwa wamechoka na sombe, kisamvu, isiyo na chumvi, basi wakakubali kuacha bunduki mbali na soko. Jumamosi hiyo Feza akatokea na wamama hao, juu ya gunia la unga, amenenepa kama kiboko mwenyewe, analalamika kwamba amekalishwa vibaya. Jumamosi ikazaa Jumamosi, mpaka njia ikazoea watu tena.

Vijana wa leo wanabishania vita kwenye simu, na bukari inapoa vilevile, ila hakuna mama wa kusimama mbele yao na sahani. Juzi hata mimi, na diploma yangu ya shule ya usiku, niliwatumia ujumbe wa sauti mrefu kama reli ya Kabalo, nikipanga sababu zote. Mama, mzee sasa, alikuwa anasikiliza. Nikamwambia kwa majivuno kwamba wao wa zamani hawakujua hata chanzo cha vita.

"Ile ya kiboko, Papa yako njo mwenye aliitunga, mupate kulala," akasema. "Sababu tulizijua zote. Lakini Feza hakukuwa ndani ya sababu. Alikuwa Kiambi."