Turubai la Kilio na Albamu Mpya

Baba yangu hajui kusema uongo, na jambo hilo limetuaibisha vya kutosha. Siku ya mahari yangu, upande wa pili walipouliza kwa heshima kama binti ana kasoro yoyote, aliwajibu kwamba nina hasira za karibu na ninakoroma. Padri alipotaka kujua mahubiri yalikuwaje, aliambiwa yalikuwa marefu. Mama huwa anakuja nyuma yake akiomba radhi, kama mtu anayefagia nyuma ya mbuzi. Amefanya hivyo tangu ujana wake, na hajapata wa kumwachia ufagio.

Kwa hiyo siku ile niliposikia mazungumzo yake ya simu, nilijua tumekwisha. Baba huweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu anaamini inachemsha sikio, na mtaa mzima hupata habari zake bure. Aliyepiga alikuwa mwimbaji wa bendi yake. Nasema yake, ingawa baba hajawahi kupiga hata kengele ya baiskeli kwa mpangilio. Yeye ni mwenyekiti wa mashabiki. Bendi ni ya roki, ilianzishwa na vijana wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi wakati baba mwenyewe alipokuwa kijana wa karakana: magitaa ya umeme, nywele nyingi, suruali za kubana, na makelele ambayo mama hajayasamehe mpaka leo. Kisha walinyamaza. Walinyamaza muda mrefu hata mashabiki wakawa mababu, wengine wakapoteza meno, wengine wakaokoka mara mbili. Sasa mwimbaji, ambaye siku hizi anaishi mji wa Fungurume, alikuwa amewakusanya waliobaki na kurekodi albamu mpya.

"Sikiya, ndugu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. "Siku ya posho musikilize bote pamoja. Mangaribi nitapiga simu. Uniambie bukweli. Kama batu ya Kolwezi banakatala, gitare naiuzisha. Kuko batu ya kanisa banaitaka."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, na ilikuwa inakuja. Baba alikaa ameshika simu iliyokwisha kukatika.

"Na kama iko mubaya?" aliniuliza.

"Unasema iko muzuri, baba."

"Mi?"

Alinitazama utadhani nimemtuma akaibe kuku wa padri. Niliona kwamba anaogopa kweli, maana gitaa lile ndicho kitu pekee cha ujana wao kilichokuwa bado mikononi mwa mtu.

Jumamosi jua lilikuwa kali, lile jua la Septemba kabla ya mvua, na kiwanja chetu hakina kivuli hata cha kumlaza paka. Baba alizunguka, akafikiri, kisha akaingia chumba cha nyuma akatoka na turubai. Hapo nikasimama. Mama ni kiongozi wa chama cha akina mama wa parokia, wao humwita mama prezidente, na turubai la vilio pamoja na viti vyake vya plastiki hutunzwa kwetu. Ni turubai la kijani lenye kiraka chekundu kilichokatwa kwenye mwavuli, na kila mtu wa mtaa huu analijua. Halijawahi kusimikwa kwa ubatizo wala kwa harusi. Likisimama, kuna mtu amekufa.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Iko ku mazoezi ya kwaya. Tutairudisha mbele ya yee kurudia."

Kisha akaenda kukata matawi na kuyatandaza barabarani, mwanzo na mwisho wa nyumba yetu. Malori ya mawe ya mgodi hupita pale yakitimua vumbi, na dereva, hata awe mkorofi namna gani, akiona matawi hupunguza mwendo, kwa sababu matawi barabarani ni alama ya kilio.

"Baba, batu batazania kuko kilio."

"Ni juu ya mavumbi tu," alisema, kwa moyo safi kabisa.

Wenzake wakaanza kufika. Sare ya mashabiki ni fulana nyeusi yenye radi nyeupe kifuani, lakini fulana zile zimefuliwa na wake wenye hasira kwa miaka mingi, na radi imekwenda na sabuni. Kilichobaki ni weusi tu. Wazee wa heshima wakaketi chini ya turubai la kilio, weusi kuanzia shingoni hadi viatuni, mmoja hata amewasha mbabula, jiko la makaa, ili tupate chai. Mimi niliwekwa kwenye simu na spika, kwa sababu ya ujana wangu, ambao hutajwa tu kazi inapopatikana.

Niliwasha wimbo wa kwanza. Wazee wakainama mbele, mikono tayari magotini kupokea ngurumo. Ngurumo haikuja. Kilikuja kinanda laini, cha kubembelezea mtoto, kisha sauti ya mzee anayepanda ngazi.

"Ngoma iko wapi?" aliuliza dereva mstaafu wa treni, ambaye kwa miaka mingi aliendesha njia ya Kisenge na husikia vibaya kidogo.

"Itakuya," baba alisema.

Haikuja. Wimbo wa pili ulikuwa na ngoma, lakini mchomeleaji mmoja wa zamani alitamka kwamba ile si ngoma, ni mashine, na kwamba hata kifuniko cha sufuria kina damu zaidi. Wimbo wa tatu walinilaumu mimi. Walisema simu yangu imepunguza gitaa. Nikawaambia kwa adabu iliyokuwa inaisha kwamba simu haipunguzi gitaa, na anayetaka alete ya kwake. Wa nne ukaisha. Mzee wa treni alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mchomeleaji alitikisa kichwa polepole. Baba alitazama chini, na nilijua haangalii viatu, anaangalia saa ya jioni inakuja na simu ya mwimbaji.

Hivi ndivyo tulivyokuwa tumekaa jirani wa ng'ambo alipochungulia.

Jirani huyu huuza makaa, na kwa kulia hana mpinzani Kolwezi nzima. Aliona matawi. Aliona turubai lenye kiraka. Aliona wanaume weusi wameinamisha vichwa, mbabula inafuka, na mwenye turubai haonekani. Na hapa kwetu mtu haulizi mlangoni kama polisi. Unaingia unalia kwanza, jina la marehemu utalipata ukishakaa. Akaweka mikono kichwani.

"Yooo! Mama prezidente yooo! Unatuacha na nani?"

Nilitaka kuinuka kumzuia, lakini nyuma yake walikuwa wameshaanza kuja wengine, chama kizima cha wale wasiokuwa kwaya, kila mmoja na beseni la unga kichwani na machozi tayari. Walijitupa chini mbele ya baba. Jirani alimshika miguu. Baba akainama kumwinua, wengine wakamzunguka. Mzee wa treni, ambaye hakuelewa lolote, alivua kofia akaniuliza kwa sauti ya kutetemeka kama ni mpiga ngoma aliyekufa, na kabla sijajibu akaanza kulia naye, akisema ndiyo sababu hatukuisikia ngoma. Mchomeleaji alipomwona analia akalia. Mimi nilikuwa napiga kelele "Hakuna mutu alikufa!" lakini kwenye kilio maneno hayo husemwa na kila mfiwa, na mama mmoja alinikumbatia akaniambia nijikaze.

Katikati ya ghasia hiyo hakuna aliyezima spika. Ulikuwa umeanza wimbo wa mwisho. Hapakuwa na kinanda wala mashine, gitaa moja tu na yule mzee, anaimba juu ya mtu anayetoka zamu ya usiku na kukuta mkewe amemwachia taa dirishani.

Ndipo mama alipotokea kwenye kona na mfuko wa vitabu vya nyimbo za kanisa.

Yeye aliona turubai lake mwenyewe mbele ya nyumba yake mwenyewe, na wanawake wake mwenyewe chini mavumbini. Baba hakuonekana kwa sababu walikuwa wamemzunguka. Mfuko ukaanguka. Nilimwona mama anakuja mbio, mama ambaye hata mvua haimkimbizi, na alikuwa anaita jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia. Baadaye niliambiwa kwamba ndilo alilomwita baba walipokuwa wachumba. Aliliita kwa sauti ambayo sitaisahau, kisha akalia:

"Bwana yangu! Unaniacha na nani?"

Wanawake wakapisha. Baba akasimama.

"Mi niko hapa," alisema.

Mama aliendelea kulia kidogo huku anamtazama, kama gari linalochelewa kusimama.

"Niko hapa, mama."

"Sasa ni nani alikufa?"

Wote wakamgeukia jirani. Jirani, machozi yakiwa bado njiani, alijibu, "Tulizania ni weye, mama prezidente."

Mama aliinua macho polepole mpaka kwenye kiraka chekundu cha turubai.

"Ni nani alitosha bâche yangu mu nyumba?"

Wazee wote weusi wakatazama viatu vyao. Mama alimpiga baba begani kwa kitabu cha zaburi, mara moja, vizuri. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaushika mkono wa fulana ya baba na hakuuachia. Spika ilikuwa inamalizia taa ya dirishani.

"Ni nani huyu anaimba?"

"Ni yee," baba alisema.

"Yee? Ule wa makelele?"

"Ni yee."

Mama alijifuta uso. "Rudisha."

Nilirudisha. Safari hii wote walisikiliza, wenye unga na wenye fulana. Ulipoisha, mchomeleaji alisafisha koo akasema hii moja ni nzuri, ila zile nyingine zote ni mbaya kabisa. Mzee wa treni alikubali. Na hapo, jua likizama, simu ya baba ikalia, naye kwa mazoea akaiweka kwenye sauti kubwa.

"Ndugu," alisema mwimbaji. "Batu banasema nini?"

Nilimkazia baba macho.

"Batu balilia," alisema.

"Balilia?"

"Sana. Mama jirani alijitupa chini. Balileta na bunga."

"Bunga?" Sauti ya Fungurume ilikuwa imeanza kunenepa kwa furaha. Ningeshukuru yaishie hapo. Lakini baba alikuwa anatoka jasho. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na bado ulikuwa uongo, na tumbo lake haliwezi kuhifadhi kitu cha namna hiyo.

"Ndugu," alianza, "nikuambie bukweli..."

Mama akamnyang'anya simu.

"Shemeki, ni mi. Sikiya. Hapa banasema nyimbo zenu ziko mubaya, na ngoma haiko. Mi mwenyewe makelele yenu sikuyapenda hata siku moja, unajua. Lakini ile ya mwisho, ya taa, niliisikia wakati nilijua bwana yangu amekufa. Iliingia fasi yenye hakuna mutu anaingiaka. Gitare usiuzishe."

Tulisikia lori linapita Fungurume, kisha mtu anapenga kamasi.

"Shemeki," alisema mwishowe, "kilio ilikuwa ya nani?"

Mama alimtazama baba. Mkono wa fulana ulikuwa bado kwenye ngumi yake.

"Hakuna mutu alikufa," alisema. "Kuya kesho, bunga iko mingi."