Kompaila ya Kikuyu na Kompyuta za Busi

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikikusikia unasema "kwangu inafanya kazi" halafu unafunga kompyuta yako.

Nilikuwa binti mdogo, nimeajiriwa katika ofisi moja pale Kikuyu, Dodoma mjini, tukitengeneza programu ya kuandikisha watoto wa chanjo. Kazi yangu ilikuwa kuiandaa seva ya ofisi ili kila tukibadilisha maandishi ya programu, yenyewe iite kompaila, ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa programu kamili, kisha iifungashe na kuituma kwenye zahanati bila mtu kugusa kitu. Nilijiona fundi kwelikweli. Ili programu iende kasi, nikaiagiza kompaila ifuate uwezo wa mashine ile ile iliyokuwa ikifanyia kazi, yaani seva yenyewe. Sikumwambia mtu, wala sikuandika popote.

Seva yetu ilikuwa mpya. Kompyuta za zahanati zilikuwa kuukuu, hazina uwezo huo. Siku ya kliniki, muuguzi wa zahanati ya Busi, huko Kondoa, Mama Salome, akapiga simu. Programu ikifunguliwa inajifunga papo hapo, na kina mama wamejaa kwenye benchi.

Mkuu wetu, Mzee Issa, mwenyeji wa Kondoa, akawarudishia kwanza programu ya zamani. Kisha akaniambia, "Kesho tunakwenda Busi."

Nilidhani ananipeleka nikaaibike. Tulipofika akamwambia Mama Salome, "Kosa ni letu, si lako. Tuoneshe ilivyokuwa."

Akatuonesha daftari aliloandika kwa mkono. Mama mmoja, alisema, alitembea kutoka mbali, na kwa kuwa kumbukumbu za mtoto hazikufunguka, akarudi bila chanjo. Nilishindwa kuinua macho.

Ofisini Mzee Issa hakunifokea. "Neema, futa kila kitu kwenye seva. Anza upya kwa kusoma ulichoandika tu. Kisichoandikwa usikifanye."

Nikakwama mapema sana, maana hata toleo la kompaila sikuwa nimeliandika. Siku tatu alikaa pembeni yangu tukipitia mstari kwa mstari, na asipoelewa ananiuliza mimi, yeye mkuu wangu. Halafu akatafuta kompyuta kuukuu kama za zahanati, akaiweka ofisini, programu yoyote ifunguke hapo kabla ya kutumwa. Nimefanya kazi na wengi tangu hapo; fundi wa namna ile sijamwona tena. Na yule mtoto wa Busi alipata chanjo yake wiki iliyofuata; Mzee Issa mwenyewe ndiye aliyepiga simu kuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, litaje toleo la kompaila yako waziwazi. Kila agizo unaloipa, liandike, ili mwenzio aweze kuianzisha kazi hiyo wewe ukiwa hupo. Na usiipime programu kwa mashine yako nzuri. Ipime kwa ile dhaifu ya mtu atakayeitumia. Ukikosea, nenda ukamtazame uliyemkosea.

Mungu aibariki mikono yako, na akujalie mkuu wa kazi atakayekusahihisha bila kukuvunja moyo.