Cheu ya Kuazima

Kijijini kwetu, chini kidogo ya Amani, mbuzi akiacha kucheua haitwi daktari, anaitwa Anastazia. Cheu ni lile donge la majani ambalo mbuzi hulirudisha mdomoni kulitafuna upya, na mbuzi asiyecheua hana siku nyingi. Anastazia humvizia mbuzi mzima, akambana taya, akamnyang'anya donge kabla hajalimeza, kisha akalisukuma kooni mwa mgonjwa. Kazi hiyo yeye huiita kuazima. "Niazime, mama," humwambia mbuzi, kwa adabu asiyowahi kunipa mimi jirani yake ninayemshikia pembe. Nilipohamia hapa kutoka Usagara nilidhani ni uchawi wa watu wa milima ya huku. Alipomponya beberu wangu nikafunga mdomo.

Mumewe, Wilfred, simsifu hata akiwa kaburini. Maisha yake yote alitega mitego ya waya msituni, na alipofariki hakuna aliyejua yote iko wapi. Anastazia akawa anaingia msituni kuitafuta na kuitegua. Kwenye mmoja alimkuta funo jike, wale paa wadogo wekundu, amekwisha kufa, na mtoto wake bado anahangaika na chuchu. Akarudi amembeba ndani ya kanga.

"Mudathir, huyu atarudi msituni akiwa hai," aliniambia. "Wilfred kachukua, mimi narudisha. Nikishindwa, nitamwombea mume wangu kwa uso gani?"

Bwana misitu alimruhusu amlee mpaka aweze kujitegemea. Mtoto akanyonyeshwa na mbuzi, akakua. Lakini alipoanza kula majani akazubaa, tumbo likavimba, hacheui. Anastazia akafanya anachokijua: akaazima cheu kwa mbuzi wake, akampa. Kesho yake funo alikuwa amelala uani anacheua, na yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilifurahi naye, sifichi.

Wakati huo alikuwapo Hafsa, binti wa Tanga mjini, aliyekuja Amani kwa utafiti. Kazi yake ilikuwa kuokota kinyesi cha funo msituni na kinyesi cha mbuzi vijijini, alinganishe vijidudu vya matumboni mwao. Tulimtania sana, watoto walimwita Bi Kinyesi, naye akaitika. Akaomba na cha mtoto wa funo. Majibu yalipotoka alikuja mwenyewe, na sura yake haikuwa ya utani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anaumwa?"

"Haumwi. Ila majani, mama, tumbo peke yake haliyawezi. Kuna vijidudu humo ndani, ndivyo vinavyoyavunja. Mbuzi ana vyake na funo wa msituni ana vyake. Vingine vinafanana, vingi havifanani, na nadhani yale majani machungu ya huko yanawezwa na vile vya funo. Mtoto huvipata kwa mama yake. Huyu wako, kwa nje ni funo, tumboni ni mbuzi."

Anastazia akaitazama mikono yake. "Nimemtia mimi."

"Umemwokoa, mama. Pengine vitabadilika akizoeshwa majani ya msituni kidogo kidogo. Sina hakika. Usimwachie upesi tu."

Hafsa akateremka Tanga kwa kazi zake. Anastazia akawa analeta majani ya msituni kila asubuhi, na funo akawa anayala. Siku moja akaniita mbio nikaone: kala majani machungu matupu, na sasa anacheua, macho kayafumba nusu.

"Anacheua ya kwao, Mudathir! Kapona."

Nani angembishia? Hapa kwetu anayecheua ni mzima, hata mtoto mdogo anajua hivyo. Hakumngoja Hafsa. Alimpeleka hadi ukingoni mwa msitu, akamfungua kamba, funo akapotelea kwenye miti bila kugeuka. Akarudi anaimba nyimbo za kanisani.

Baada ya wiki kama mbili tulimkuta kando ya kijito, amekufa, amelala ubavu, mbavu zimetokeza. Anastazia alipiga magoti akampapasa shingo, akampapasa miguu yote, anatafuta waya.

"Afadhali waya ungekuwapo," alisema. "Natamani ungekuwapo."

Akachukua kisu akapasua tumbo. Lilikuwa limejaa tele, majani yamekatikakatika tu, mabichi, ungeweza kusema lipi ni la mti gani. Alikuwa amekufa njaa kwa shibe. Mimi niligeuka nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Hafsa aliporudi alisema hawezi kuapa kuwa ni vijidudu, huenda kulikuwa na jambo jingine. Anastazia alimsikiliza, akamkaribisha chai.

Mbuzi bado anawatibu. Juzi alikuja kwangu, akambana taya mbuzi mzima, akachukua donge, akamlisha mgonjwa. Nilingoja aseme "niazime". Hakusema.

Na Novemba, wenzake walipopeleka majina ya marehemu wao yakasomwe kanisani, la Wilfred hakulipeleka. Nilimuuliza kwa nini.

"Bado hatujarudisha," akanijibu.