Soli za Carmel

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la tano, nikatoka Uvira na sindano na uzi, nikapita Kigoma, Lusaka, Harare, mpaka miguu ikanifikisha Durban. Sasa imechoka. Nakaa hapa mtaa wa Point, mlangoni pa jengo la ghorofa saba, na watu ndio wanaopita mbele yangu. Sura ya mtu naweza kuisahau, kiatu chake hapana.

Carmel, msichana wa jengo hili, nilimjua kwa raba zake nyeupe. Alizinunua alipoanza chuo, na mpaka mwaka wa tatu soli zilikuwa bado na michoro ya kiwandani. Siku moja nikamtania kwamba viatu vyake vinaishi kama mke wa chifu. Akacheka, lakini ilikuwa kweli. Asubuhi lifti inamshusha, taxi inamchukua mpaka chuo kule juu ya mlima, upande wa Cato Manor, halafu ni kiti na kompyuta. Mchana chipsi na soda, kwa sababu iko karibu na haichukui muda. Jioni anarudi na mgongo wa mzee kama mimi. Si uvivu. Alikuwa anasoma mpaka macho yanamwasha.

Nikimwona hivyo nilikuwa nakumbuka kwetu. Ujana wangu nilishona viatu mkabala na shule ya wasichana. Ikilia kengele ya mapumziko wanakuja mbio, wanavua viatu na kuvipanga kando ya sanduku langu, maana aliyerudi nyumbani na kiatu kilichopasuka alipigwa. Halafu mchezo wa nzango, miguu mitupu. Wawili wanasimama uso kwa uso, wanapiga makofi, wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Walishapatana tangu mwanzo: miguu ikikutana ni pointi ya huyu, ikipishana ni ya yule. Wengine wanaimba. Vumbi linapanda mpaka sioni tundu la sindano. Hakuna aliyewaambia kwamba yale ni mazoezi.

Basi mwezi wa tatu Carmel alishuka akakaa kwenye benchi langu, hana kiatu cha kushona. Muuguzi wa chuo alikuwa amewapima wasichana wa mwaka wao, kilo, presha, na damu ya kidole. Yeye sukari imemsimama mlangoni, bado haijaingia. Aliambiwa autembeze mwili kila siku, apunguze fufu, ule ugali wetu wa muhogo, aache soda, arudi baada ya miezi mitatu. Ikiwa haijashuka, ataanza vidonge. Na sukari ndiyo iliyomchukua mama yake, ikaanza na mguu.

Akaniomba nisimwambie Tantine Antoinette. Huyo ni dada mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemlea, ana saluni yake hapa kwenye kona.

“Vieux, mzee wangu, akisikia neno sukari ataanguka,” alisema. “Ameshazika mmoja.”

Nikaahidi. Labda nilikosea.

Akaanza kushuka taxi kwenye robot ya chini, zile taa za barabarani, anapanda mlima kwa miguu. Baadaye akawa anaondoka hapa Point kwa miguu kabisa. Lifti akaiacha. Soli zikaanza kuliwa, kwanza kisigino upande wa nje, halafu mbele penye kidole gumba pakatoboka. Nilifurahi kuliona lile tundu, na si kwa ajili ya pesa ya kuliziba.

Ila kwa watu wetu msichana akikonda ni habari. Kanisani wakamuuliza Antoinette kwa upole, mtoto wa marehemu anakula kwako kweli? Neno lile lilimchoma. Bonge la fufu likaongezeka, sombe, majani ya muhogo, ikaogelea mafuta, na yeye mwenyewe anakaa mbele ya sahani mpaka iishe. Carmel afanye nini? Ukikataa sahani ya aliyekulea umemkataa yeye. Akawa anaitembeza fufu mchana, jioni inamrudia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu apimwe tena.

Jumamosi moja asubuhi Antoinette akanijia na zile raba mkononi, ameziokota chini ya kitanda cha mtoto.

“Papa Josias, wewe unasoma viatu. Nisomee hiki. Huyu mwanaume anayemfuata kwa miguu anakaa wapi?”

Nikakigeuza kiatu, nikapitisha kidole kwenye tundu. Ahadi ni ahadi.

“Mama, humu hakuna mwanaume. Iko mlima tu.”

Hakunielewa, na kabla hajauliza tena Carmel akatokea kwenye ngazi, yuko na ndala, anahema, anatafuta viatu vyake. Akaona viko kwangu, akamwona na mama yake mkubwa.

“Ni sukari, Tantine,” akasema. “Kama mama.”

Antoinette akakaa kwenye benchi. Tulingoja alie, hakulia.

“Ukamwambia fundi viatu,” alisema, “mimi ukanificha. Na mimi nakujaza fufu.”

Carmel akapiga magoti pale pale kwenye simenti, akaeleza yote ya muuguzi. Antoinette aliuliza ni mazoezi gani yale. Alipoambiwa kutembea, kuruka, chochote, akazitazama tena soli za zile raba. Akasema mama yake Carmel hakuna aliyemshinda nzango shule nzima. Aliruka mpaka siku ya kuolewa. Baada ya hapo alikaa, maana mke wa mtu haruki.

“Hilo hukuniambia kamwe,” Carmel alisema.

“Hukuuliza. Simama.”

Antoinette akavua sandali zake, akazipanga kando ya sanduku langu, akakaza kitenge. Nilishindwa kuendelea kushona. Mama wa miaka hamsini na nane, mwili mzito, alimfunga yule msichana pointi nne kabla goti halijamkataza, huku akimwambia anaruka kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Toka siku ile bonge la fufu lilipungua, kila Jumamosi wakaruka hapa mlangoni, na kanisani aliyeuliza alijibiwa aje Jumamosi aone mwenyewe.

Siku ya kupimwa ilipofika Carmel alirudi na karatasi. Sukari imeshuka, lakini si kama muuguzi anavyotaka. Vidonge haanzi bado, arudi baada ya wiki kumi na mbili. Alikuwa na huzuni kidogo.

Antoinette aliisoma ile karatasi mara mbili.

“Jumamosi kumi na mbili,” akasema, akainama kuvua sandali.