Mjane wa Kiti cha Saba

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na sita tulipofukuzwa kwenye miji ya migodi, sisi watu wa Kasai, tukashukia gare ya treni ya Kamina na sufuria mbili na mashine ya kushonea isiyo na sindano. Shule niliishia mwaka wa nne wa primaire. Nasema mapema, msije mkafikiri kazi ya ndege nilipewa na diplome. Nilipewa na fagio.

Siku ya kwanza uwanja wa ndege nilifagia ndani ya ndege ya viti arobaini: maganda ya karanga, matapishi, manyoya ya kuku. Nikafagia miaka mitatu. Kisha hôtesse mmoja, msichana wa kuhudumia abiria, akaolewa, na chef de cabine, yaani mkubwa wa wahudumu wa ndani, akaniita.

"Weye, mama wa fagio, unajua kucheka na muntu mwenye anakutukana?"

"Shefu, miye nilikaa na mama mukwe miaka sita."

Akanipa jupe ya bluu, sketi ya kazi, siku ileile.

Sheria yake ilikuwa moja. Unamsalimia kila abiria, mmoja mmoja, na unangoja jibu. Haikuwa heshima tu, ilikuwa kipimo: huko juu mlevi ni hatari, na mlevi unamjua kwa ulimi. "Mwenye hajibu, mushushe," alisema. "Usibembeleze." Abiria wakaniita Mama Bonjour. Nilijisikia sana.

Asubuhi moja, Lubumbashi, tukijiandaa kurudi Kamina, nilimkuta mwanamke kwenye kiti cha saba, kitenge kimemfunika hadi machoni. Alikuwa amepita mlangoni nikiwa nimeinama kumfunga mzee mkanda. Nikamsalimia. Kimya. Nikarudia mara tatu. Mama aliyekaa pembeni yake akanivuta mkono.

"Mama, umuache. Iko mu kilio. Bwana yake alikufia Kamina. Kwabo mujane hasalimie muntu mupaka bamuzike bwana."

"Kilio iko chini. Mu ndege yangu bananijibu."

Ningeweza kumwinamia, kumshika mkono, kunusa pumzi yake. Dakika moja tu. Lakini abiria walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa Mama Bonjour. Nikamshusha. Hakubishana. Aliteremka ngazi polepole, akasimama pale uwanjani mpaka tukafunga mlango.

Kamina, chini ya ngazi, mwanamume mmoja alikuwa anawatazama abiria usoni wakishuka. Wa mwisho alipopita, akanisogelea.

"Mama, mujane wetu iko wapi? Kaka yangu iko mu sanduku, tunangoja yeye tu."

"Hakujibu salamu."

"Alikuwa anaweza kujibu namna gani?"

Ndege nyingine ilikuwa baada ya siku nne, na maiti isingeweza kungoja. Walizika jioni ile. Mwanamke alikuja na treni, akakuta udongo wa kaburi umeshakauka.

Chef alipopata habari alisema, "Ulifuata consigne." Ndiyo, consigne ni agizo la kazi, nililifuata. Lakini yeye hakuona uso wa yule shemeji. Tangu hapo sikumshusha mtu kwa sababu ya kunyamaza. Nilipiga goti katikati ya viti, nikatazama macho, nikamuuliza jirani yake. Tulichelewa mara nyingi, chef akanigombeza mara nyingi. Nyinyi wasichana mnaoanza leo, mkingoja jibu, ngojeni. Msilidai.

Kampuni ilifungwa, nikabaki Kamina. Mjane wa kiti cha saba pia. Anauza samaki wakavu wa Bukama sokoni, ana sauti kubwa, anataniana na kila mteja. Nikifika mimi ananichagulia samaki wazuri, ananifungia vizuri, haniambii neno. "Jambo, mama," namwambia kila mara. Nangoja. Halafu naenda.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, mbuzi wanne, baiskeli, mashine ileile ya kushonea, sasa ina sindano, na jupe ya bluu isiyonitosha tena. Jibu lake, sina.