Spika za Chumba cha Baba

Tulipomzika mama, baba alihamia kwangu Kitale. Kutoka Bungoma alikuja na spika mbili zinazofika kiunoni, za kukodishwa matangani, ambazo mwenye kuzikodisha alimuuzia baba aliponunua mpya. Kwetu sauti hununuliwa kwa ukubwa. Ukimkosoa baba, anakwambia spika ndogo ni za kinyozi.

Chumba chake kina kitanda, kochi na dirisha moja. Wimbo wa mama uliorekodiwa ni mmoja tu, wa kwaya ya kanisa, yeye akiuanzisha huku akipiga ngoma. Tulipoucheza kwa spika zile kubwa kama makabati, vikombe vilitetemeka, mabati yakaitikia, na sauti ya mama ikamezwa na mvumo. Nilikasirika kweli. Ni kama tulikuwa tunamzika mara ya pili.

Tena sikuwa na muda. Masikio ya baba yalikuwa yakiziba kila kukicha, na daktari alishasema hayarudi. Nilitaka amsikie mama angali anaweza.

Nikanunua spika ndogo, nikaziweka juu ya stuli, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, mbali na ukuta ili zisivume. Ukutani nikatundika blanketi. Yale makabati nikayatupa verandani. Nilipowasha, mama akaimba, hata pumzi aliyovuta kabla ya kiitikio niliisikia. Nililia bila aibu.

Nikamgeukia baba. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Si uanze basi," akasema.

"Imeanza, baba!"

Nikaongeza sauti. Akatikisa kichwa.

"Mama yako hayuko hapo. Yeye alikuwa anapiga ngoma, bana. Rudisha zangu."

Nikazirudisha, nimenuna. Akaweka kiganja juu ya moja. Ngoma ikanguruma, vikombe vikaanza vurugu zao, na uso wake ukafunguka.

"Ndiye huyo," akasema. Mimi sikusikia hata neno moja la wimbo.

Sasa spika zote nne zimo chumbani na hakuna pa kupitisha mguu. Tunapokezana. Zamu yangu ikifika, baba huketi kwa adabu akiangalia blanketi mpaka nimalize kumsikia mke wake.

Majuzi, katika zamu yake, aliondoa kiganja, akasogeza sikio karibu kabisa.

"Ongeza kidogo."

Nikashika kidude cha sauti. Kilikuwa kimeshafika mwisho. Nikajifanya nakizungusha.

"Hapo sawa," akasema baba.