Spea ya Mwenye Gari

Hadithi hii hutaiamini, na wala usijilazimishe. Watu waliosoma kukushinda wameisikia wakacheka, kisha wakauliza polepole hiyo kona iko wapi, wasije wakapita hapo wakiwa peke yao.

Sironka Tajeu wa Kitengela aliuza dawa za mifugo. Kila siku ya soko alipakia dawa za kupe na minyoo kwenye landrova ya mwaka wa hamsini na tisa na kushuka nayo hadi Bisil, mkewe Eunice kando yake akishikilia chupa zisigongane. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Kwao jina la aliyekufa halitajwi ovyo, kwa hiyo mzee alibaki kuitwa mwenye gari, kana kwamba ameenda kunywa chai tu na atarudi kudai ufunguo.

Honi halikuwa nayo. Sironka aliing'oa mwaka wa tisini na tatu, nyaya na zote, na tangu hapo akitaka ng'ombe wapishe alitoa mkono dirishani akapiga mlango makofi.

Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kona. Kilomita chache kabla ya Bisil, barabara inapopinda kulia, gari lilivuta kushoto. Kushoto kuna njia ya zamani ya ng'ombe, na mwisho wake palikuwa boma la mwenye gari. Sasa imebaki miti miwili ya lango. Mwaka mzima wa 2000 lilivuta hivyo, kama punda aliyenusa nyumbani, na kila mara Sironka alikaza usukani na kuanza kuzungumzia mvua.

Siku moja Eunice alikataa kupanda.

"Baba Lemayian, mimi siingii tena kwa gari iko na madereva wawili. Ama ujue ni nini inavuta, ama uuze."

Kuuza, kwa Sironka, kulikuwa kumtoa baba yake nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Akaenda kwa Kiragu, fundi wa tairi pale Kitengela.

Kiragu alichuchumaa, akagonga tairi kwa kidole, akacheka.

"Hizi ni za nyuzi, mzee, za zamani. Zinafuata kila mtaro zinapata. Hakuna pepo hapa. Weka radiali, iko na mkanda wa waya ndani, itaenda moja kwa moja."

Sironka akaonyesha zile pana zaidi dukani, kifua mbele.

"Hizo wachia vijana. Hii usukani yako haina pawa. Utapigana nayo mpaka mabega yatoke. Chukua nyembamba, urefu kama wa hizi zako, na tyubu ya radiali. Na uchukue tano. Ukichanganya radiali na ya nyuzi huko mbele, itakuvuta."

"Nne."

"Na spea?"

"Spea ni ya mwenye gari."

Kiragu hakujua desturi hiyo. Alidhani kuna mtu anayekuja kuichukua, akaandika ubavuni kwa chaki: YA MWENYE GARI. ATAPITIA. Kisha akasahau, na tairi likarudi garini na maandishi yake.

Miezi mitatu gari lilikwenda sawa. Eunice alirudi kitini. Lakini Sironka, kila walipopita ile kona bila gari kushtuka, alihisi kama yeye amemwacha mtu amesimama kando ya barabara. Hakumwambia mkewe.

Mwezi wa nne, jua likiwa utosini, mwiba wa mgunga ukatoboa tairi la mbele kushoto, hatua chache kabla ya kona. Sironka akapiga jeki, akashusha spea. Eunice akasoma yale maandishi ya chaki kwa sauti.

"Nani aliandika hii?"

"Kiragu."

"Na Kiragu alijua aje?"

Sironka alikaza nati akijikumbusha: kushoto ya nyuzi, kulia radiali, lazima livute. Alijiambia hivyo mara tatu kabla hawajafika.

Likavuta. Nguvu za kulizuia alikuwa nazo. Akafungua vidole.

Gari likashuka ile njia polepole, likikwepa kila jiwe, likapita katikati ya miti ya leleshwa na kusimama sawasawa kati ya nguzo mbili za lango. Injini ikazimika. Hakuna ndege, hakuna upepo.

"Ni tairi," Sironka akasema.

"Najua ni tairi," Eunice akanong'ona. "Sasa mbona imesimama?"

Eunice akashuka. Akainamisha kichwa mbele ya lango tupu, vile mtoto huinamia mzee ili awekewe mkono, akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Aliporudi alikuwa anajishika utosini.

"Usiuze," akasema.

Na hapo ndipo honi ilipolia. Ile iliyong'olewa. Ikalia mara tatu, kwa nguvu, mpaka mbuzi wote wa soko la Bisil waka—

"Mara moja," akasema Sironka, aliyekuwa akisoma haya juu ya bega la mwandishi. "Ililia mara moja tu. Usiongeze chumvi."